Historia Fupi ya Usharika

Kamati imesema ukurasa mmoja, usizidi,
maana kitabu cha jubilei kinalipiwa kwa kurasa
na tangazo la duka la mabati linataka nafasi.
Anza na misionari, alisema Mzee Ndetaramo,
malizia na choo kipya cha wageni.

Basi nimekaa sakristia tangu saa nane,
mvua ya Aprili ikipiga bati juu yangu,
mbele yangu daftari la ubatizo, lile la kwanza,
linanuka panya na mafuta ya taa.
Mwandiko wa Mjerumani umelala upande
kama migomba baada ya upepo.

Misionari alichagua kilima. Hilo limeandikwa.
Haikuandikwa kwamba kilima kilikuwa kihamba cha Kilawe,
na kwamba Kilawe aling'oa masale ya mpaka kwa mkono wake
akayapanda tena hatua arobaini chini.
Yapo mpaka leo, nyuma ya tangi la maji.

Mawe yalitoka mtoni.
Mto uko chini, kanisa liko juu,
piga hesabu mwenyewe.
Wanawake waliyapandisha kwa ngata za majani makavu,
jiwe moja asubuhi kabla ya kukata majani ya ng'ombe,
jiwe moja jioni.
Fundi aliitwa Anaeli. Alinyoosha ukuta kwa jicho,
na ukuta wa kusini umepinda tangu siku hiyo.
Matetemeko yamekuja, yameuangalia, yamepita.

Vita vilipomchukua misionari na masanduku yake mawili
kengele ilizikwa kwenye shimo la kuivishia ndizi.
Miaka minne waliitana ibadani
kwa kugonga kipande cha reli.
Reli ilipandaje mlima kutoka Moshi mjini?
Daftari kimya. Wazee nao hucheka, wanahama mada.

Nyasi zikatoka, bati likaja,
mwaka ule kahawa ilipopata bei.
Mnara ukafuata. Mawe tena, mto uleule.

Sasa nenda upande wa kaskazini, unaotazama Kibo.
Pitisha kiganja ukutani, taratibu.
Hapo mawe yanakoma, yanaanza matofali,
upana wa mtu mmoja, kimo cha mtu aliyeinama.
Wageni hudhani ni ukarabati.

Ulikuwa mlango wa waliotengwa.
Waliingia baada ya wimbo wa kwanza,
wakatoka kabla ya baraka.
Bibi yangu Aikande, mjukuu wa Kilawe,
aliupita miaka mitatu na mama yangu mgongoni,
juu ya ardhi ya babu yake.
Mawe ya mnara aliyabeba mama akiwa bado tumboni.

Daftarini jina lake lina mstari mwekundu.
Umenyooka kabisa, ulipigwa kwa rula.
Mwanamume hana mstari. Alikaa benchi la mbele
na ndiye aliyepitisha mfuko wa sadaka.

Mlango ulizibwa mwaka gani?
Nimesoma minuti zote za kamati:
kuna viti, kuna mbuzi aliyepotea, kuna ugomvi wa kinanda.
Mlango haumo.
Nilimuuliza mama, akiwa anamenya ndizi za mtori.
Hakuinua kichwa.
Alisema walimrudisha bibi kundini siku ya Alhamisi Kuu,
na Jumamosi yake, kabla watu hawajaja kufagia,
bibi alikanda udongo na saruji ya kuazima
akauziba yeye mwenyewe.
Hakuomba ruhusa. Matofali aliyanunua kwa pesa ya mayai.

Pasaka aliingia kwa mlango mkubwa
na mkungu wa ndizi kichwani, wa mnada.
Ukanadiwa. Mtu akataja shilingi moja, mwingine mbili.
Bibi akasimama, akataja tano,
akaununua mkungu wake, akarudi nao nyumbani.

Nimefika mstari wa mwisho wa ukurasa.
Wino wangu ni wa bluu, mkono umeteremka kidogo kulia.
Choo cha wageni bado.